Uchunguzi wa wahitimu wa vyuo vya jamii

Uchunguzi wa wahitimu wa vyuo vya jamii ni utafiti unaofanywa kwa kuwauliza watu waliosoma katika chuo cha jamii walitoka katika mazingira gani, walipata ujuzi gani walipokuwa chuoni, na maisha yao ya kazi na masomo yamekuwaje baada ya kuondoka. Kwa kawaida hufanywa kwa njia ya hojaji, miezi kadhaa au miaka michache baada ya masomo kumalizika. Umeenea hasa nchini Marekani na Kanada.

Lengo la uchunguzi huu si kuhesabu vyeti vilivyotolewa, kwa kuwa hesabu hiyo chuo tayari kinayo. Kinachotafutwa ni kujua chuo kimemwongezea mwanafunzi nini. Ndiyo maana maswali kuhusu usuli na maswali kuhusu ujuzi huwekwa katika hojaji moja: asiyejua mtu alianzia wapi hawezi kupima amefika umbali gani.

## Vyuo vya jamii na wanafunzi wake

Nchini Marekani chuo cha jamii ni chuo cha umma kinachotoa hasa masomo ya miaka miwili au pungufu baada ya shule ya sekondari. Vyuo vya aina hiyo ni takriban 1,000. Hutoa vyeti vya ufundi na pia shahada ya miaka miwili, ambayo inaweza kumwezesha mwanafunzi kuhamia chuo kikuu na kumalizia huko shahada ya kwanza. Ada yake huwa ndogo kuliko ya vyuo vikuu, na vingi humpokea kila aliyemaliza sekondari bila kushindanisha waombaji kwa alama.

Kwa sababu mlango uko wazi, wanafunzi wa darasa moja hutofautiana sana. Anaweza kuwepo kijana wa miaka 18, mama anayefanya kazi usiku, mhamiaji anayejifunza Kiingereza, mfanyakazi ambaye kiwanda chake kimefungwa, na hata mtu mwenye shahada tayari anayetaka cheti cha fani nyingine. Wengi husoma kwa muda huku wakiendelea na kazi. Wengine huja kuchukua kozi mbili au tatu tu, wakapata walichokitafuta na kuondoka bila cheti chochote.

Tofauti hizi ndizo zinazofanya kazi ya kuvipima vyuo vya jamii kuwa ngumu kuliko kupima chuo kikuu kinachochagua wanafunzi wenye alama za juu. Chuo kinachopokea waliokwisha kufaulu kitakuwa na wahitimu wazuri hata kama kimewafundisha kidogo. Chuo kinachompokea kila mtu kinaweza kuwa kimefanya kazi kubwa, lakini kazi hiyo isionekane katika takwimu za kawaida.

## Historia

Chuo cha Joliet katika jimbo la Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1901 kikiwa na wanafunzi 6, huhesabiwa kuwa chuo cha jamii cha umma cha kale zaidi nchini Marekani kinachoendelea hadi leo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia askari waliorudi vitani iliongeza sana idadi ya watu wazima waliotaka kusoma. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na rais Harry S. Truman ilipendekeza kupanuliwa kwa vyuo vya miaka miwili vilivyo karibu na makazi ya watu, na jina la "chuo cha jamii" likaenea kutokana na ripoti yake.

Vyuo vilipoongezeka, swali la mafanikio yake lilianza kuulizwa. Mwaka 1960 mwanasosholojia Burton Clark, aliyekuwa amechunguza chuo kimoja cha San Jose huko California, aliandika kwamba vyuo hivyo hufanya kazi ya "kupoza" matumaini. Kwa maelezo yake, wanafunzi wengi walioingia wakitaka kuhamia chuo kikuu waliongozwa polepole kuelekea kozi za ufundi, hadi wakaona uamuzi huo ni wao wenyewe. Tangu hapo mjadala umeendelea: je, chuo cha jamii kinawafungulia mlango watu wasio na nafasi, au kinawageuzia njia? Haiwezekani kujibu swali hilo bila kuwauliza wanafunzi walikusudia nini walipoingia na walipata nini walipotoka.

Mwaka 1966 mtafiti Alexander Astin alianzisha uchunguzi wa kitaifa wa wanafunzi wanaoingia mwaka wa kwanza chuoni. Baadaye alipanga mawazo yake katika sehemu tatu: yale mwanafunzi anayokuja nayo, mazingira anayokutana nayo chuoni, na matokeo yake. Alisisitiza kwamba matokeo hayawezi kuhesabiwa kuwa kazi ya chuo kabla ya kuzingatia yale yaliyokuwepo tangu mwanzo.

Mwaka 1979 C. Robert Pace wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitoa hojaji iliyowauliza wanafunzi wametumia juhudi kiasi gani katika masomo na wanaona wamepiga hatua kiasi gani katika mambo mbalimbali. Toleo kwa ajili ya vyuo vya jamii lilifuata mwaka 1990. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Texas huko Austin kilianza uchunguzi mwingine mkubwa kwa vyuo vya jamii, unaojulikana kwa kifupi kama CCSSE. Huu huwauliza wanafunzi walio bado masomoni, wala si wahitimu, lakini maswali yake kuhusu mchango wa chuo katika kuandika, kuzungumza, kufikiri kwa kina na kufanya kazi na wengine yanafanana na yale wanayoulizwa wahitimu.

## Mambo yanayoulizwa

### Usuli

Maswali ya usuli hulenga kueleza hali ya mwanafunzi kabla ya chuo. Miongoni mwa mambo yanayoulizwa ni:

* umri alipoanza masomo;
* elimu ya wazazi, na kama yeye ni wa kwanza katika familia kufika chuoni;
* lugha inayozungumzwa nyumbani na nchi aliyozaliwa;
* kazi na kipato kabla ya kujiunga;
* kama alikuwa na watoto au ndugu wa kuwatunza;
* saa alizofanya kazi kwa wiki wakati wa masomo;
* namna alivyolipia ada;
* kama alilazimika kuchukua kozi za kujazia upungufu wa sekondari, hasa za hesabu na Kiingereza;
* lengo lake alipojiunga.

Swali la mwisho lina uzito wa pekee. Mtu aliyekuja kujifunza kulehemu kwa muhula mmoja, akaajiriwa na kuondoka, ametimiza lengo lake. Aliyekuja akitaka kuwa muuguzi na kuondoka baada ya muhula huohuo mmoja hakulitimiza. Katika daftari la chuo wote wawili ni "walioacha masomo".

### Ujuzi uliopatikana

Sehemu hii kwa kawaida hugawanywa katika makundi mawili. La kwanza ni ujuzi wa fani, kwa mfano kutumia mashine, kuandaa hesabu za biashara au kumhudumia mgonjwa. La pili ni stadi za jumla zinazotumika katika kazi nyingi: kusoma na kuelewa, kuandika, kujieleza, kutumia hesabu, kutumia kompyuta, kutatua matatizo, kufanya kazi na watu wengine na kujifunza mwenyewe.

Kuna namna mbili za kuuliza. Mhojiwa anaweza kuulizwa chuo kilimsaidia kwa kiasi gani kukuza stadi fulani, naye akachagua kati ya majibu kama "sana", "kwa kiasi", "kidogo" au "hakikusaidia". Au anaweza kuulizwa mara mbili kuhusu stadi hiyohiyo: alikuwa na uwezo gani alipoanza, na ana uwezo gani sasa. Namna ya pili huonyesha tofauti waziwazi zaidi, lakini hutegemea kumbukumbu ya mtu kuhusu hali yake ya miaka kadhaa iliyopita. Baadhi ya hojaji huongeza swali la tatu: je, stadi hiyo anaitumia kazini?

### Maisha baada ya chuo

Hapa mhitimu huulizwa kama ameajiriwa, amejiajiri, anatafuta kazi au anaendelea na masomo. Huulizwa pia kama kazi yake inahusiana na aliyosomea, mshahara wake kabla na baada ya masomo, deni la ada alilobaki nalo, na kama angechagua tena chuo na kozi ileile.

## Namna unavyofanywa

Hatua ya kwanza ni kuamua nani ahesabiwe. Jina "uchunguzi wa wahitimu" limezoeleka, lakini katika vyuo vya jamii wachunguzi wengi huwajumuisha pia walioondoka kabla ya kupata cheti.

Hatua ya pili ni kuchagua wakati. Mtu akiulizwa siku ya mahafali, atapatikana kwa urahisi lakini bado hajui kama alichojifunza kitamfaa kazini. Akiulizwa baada ya miaka mitano ana mengi ya kusema, lakini huenda amehama na kubadili namba ya simu. Tafiti nyingi huchagua muda wa kati, kuanzia miezi 6 hadi miaka 2.

Hatua ya tatu ni kuwafikia wahojiwa. Hapo awali hojaji zilitumwa kwa posta. Siku hizi hutumwa kwanza kwa barua pepe na ujumbe wa simu, kisha wasiojibu hupigiwa simu. Kupiga simu ni gharama kubwa, lakini huwafikia watu ambao hawana kawaida ya kufungua barua pepe.

Hatua ya mwisho ni kuunganisha majibu na kumbukumbu nyingine. Chuo kina rekodi za kozi na alama. Majimbo ya Marekani yana taarifa za mishahara zinazotolewa na waajiri kwa ajili ya bima ya ukosefu wa kazi. Shirika la National Student Clearinghouse, lililoanzishwa mwaka 1993, hukusanya taarifa za uandikishaji kutoka vyuo vya nchi nzima, hivyo huwezesha kujua aliyehamia chuo kingine. Kumbukumbu hizi hazisumbuliwi na usahaulifu wa mhojiwa, lakini nazo zina mipaka: taarifa ya mshahara haionyeshi kama kazi inahusiana na masomo, na mara nyingi aliyejiajiri hayumo kabisa. Matumizi ya rekodi za wanafunzi yanasimamiwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayolinda faragha yao.

## Mifano

### California

California ina mfumo mkubwa kuliko yote wa vyuo vya jamii nchini Marekani, wenye vyuo zaidi ya 110. Tangu miaka ya 2010 vyuo vyake hushiriki uchunguzi wa wanafunzi wa zamani wa kozi za ufundi na kazi, unaoratibiwa na Chuo cha Santa Rosa. Wanaoulizwa ni waliopata cheti au shahada pamoja na wale waliochukua kozi kadhaa kisha wakaondoka. Maswali yake yanahusu kazi, mshahara wa kabla na wa baada, uhusiano wa kazi na masomo, na kuridhika na mafunzo.

Uchunguzi wa namna hii ulisaidia kuonyesha kundi ambalo huko California huitwa "wajenzi wa stadi". Hawa ni wafanyakazi wanaochukua kozi chache ili kupanda daraja au kulinda kazi waliyo nayo, na hupata nyongeza ya mshahara bila kupata cheti. Takwimu za mahafali peke yake zingewaweka katika hesabu ya walioshindwa.

### British Columbia

Katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, wanafunzi wa zamani wa kozi za cheti na stashahada hufuatiliwa kila mwaka kwa uchunguzi unaoendeshwa na ofisi ya takwimu ya jimbo. Hufikiwa kati ya miezi 9 na 20 baada ya kumaliza masomo au sehemu kubwa ya masomo yao. Huulizwa masomo yao yaliwasaidia kwa kiasi gani kukuza stadi kama kuandika, kuzungumza, kushirikiana katika kikundi, kuchambua mambo, kutatua matatizo, kusoma na kuelewa, na kujifunza wenyewe. Kwa kuwa maswali ya msingi yanarudiwa mwaka baada ya mwaka, kozi moja inaweza kulinganishwa na hali yake yenyewe ya miaka iliyopita.

### Ontario

Ontario, pia nchini Kanada, ilianza miaka ya 1990 kupima vyuo vyake kwa vigezo vya pamoja, vikiwemo ajira ya wahitimu na kuridhika kwao. Wahitimu huulizwa takriban miezi 6 baada ya masomo. Waajiri nao wamekuwa wakiulizwa kuhusu maandalizi ya wahitimu waliowaajiri, jambo linaloongeza jicho la pili juu ya ujuzi uliopatikana.

## Matatizo ya kupima

### Nani amehesabiwa

Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ilivitaka vyuo vitangaze asilimia ya wanafunzi wanaohitimu. Kipimo kilichotumika kilihesabu wanafunzi walioingia chuo kwa mara ya kwanza na kusoma muda wote, na waliopaswa kumaliza ndani ya muda usiozidi mara moja na nusu ya muda wa kawaida, yaani miaka 3 kwa kozi ya miaka 2. Aliyesoma kwa muda hakuwemo, wala aliyetoka chuo kingine. Aliyehamia chuo kikuu kabla ya kuchukua shahada ya miaka miwili hakuhesabiwa kuwa mhitimu. Hivyo sehemu kubwa ya watu ambao vyuo vya jamii vipo kwa ajili yao ilikuwa nje ya hesabu. Kuanzia mwaka wa masomo 2015–16 takwimu za shirikisho ziliongeza kipimo kingine kinachowajumuisha wanafunzi wa muda na waliotoka vyuo vingine, na kinachowafuatilia hadi miaka 8.

### Wasiojibu

Wanaojibu hojaji si lazima wafanane na wasiojibu. Mwenye kazi nzuri huwa tayari kuieleza, na aliyekosa anaweza kunyamaza. Tuchukue mfano wa kubuni: chuo kina wahitimu 1,000, na 250 wamejibu. Kati ya hao 250, wenye kazi ni 200, yaani asilimia 80. Ikiwa kati ya 750 walionyamaza wenye kazi ni nusu tu, yaani 375, basi jumla ya wenye kazi ni 575, na kiwango halisi ni asilimia 57.5. Chuo kikitangaza asilimia 80 bila kueleza ni wangapi waliojibu, msomaji amepotoshwa ingawa hakuna aliyesema uongo.

Wachambuzi hujaribu kurekebisha hali hii kwa kulinganisha waliojibu na orodha nzima ya wahitimu kwa umri, jinsia, kozi na alama, kisha kuyapa uzito zaidi majibu ya makundi yaliyojibu kidogo. Njia hiyo husaidia, lakini haiwezi kurekebisha tofauti ambazo hazimo katika orodha.

### Mtu kujipima mwenyewe

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba ujuzi unaotajwa ni ule ambao mhojiwa anaamini ameupata. Mwaka 2010 mtafiti Nicholas Bowman alilinganisha majibu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza na mabadiliko yaliyopimwa kwao kwa njia nyingine, akaona uhusiano ni mdogo. Mwaka 2011 Stephen Porter alihoji kama hojaji za wanafunzi wa vyuo zina uhalali wa kutosha kutumika kama zilivyokuwa zikitumika. Anayekipenda chuo chake huelekea kusema amejifunza sana katika kila kipengele, na aliyeudhika husema hakujifunza kitu.

Usuli nao huathiri majibu haya. Aliyetoka shule dhaifu anaweza kuona amepiga hatua kubwa mno, kwa kuwa alianzia chini. Aliyeingia akiwa anajua mengi atasema chuo hakikumwongezea, na huenda anasema kweli. Ndiyo sababu wastani wa chuo kizima hueleza kidogo kuliko majibu yaliyopangwa kwa makundi. Watafiti wengi huona kuwa majibu ya kujipima yanafaa kwa kulinganisha makundi ndani ya chuo na kugundua yanayolalamikiwa, lakini hayatoshi kuthibitisha kiasi cha ujuzi bila mitihani, kazi za vitendo au maoni ya waajiri.

## Matumizi

Matokeo hutumika kurekebisha mitaala, kwa mfano wahitimu wa kozi moja wanaposema mara kwa mara kwamba mashine walizofundishiwa hazitumiki tena kazini. Hutumika pia kutoa taarifa kwa wanaotaka kujiunga, na kuonyesha kama wanafunzi wenye usuli tofauti wanafaidika sawasawa. Sheria ya Marekani ya elimu ya ufundi iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018 inayataka majimbo yanayopata fedha zake kueleza ni wanafunzi wangapi wako kazini, masomoni au katika huduma kama jeshi miezi michache baada ya kumaliza.

Pale fedha zinapofungwa na matokeo, kuna hatari. Chuo kinachohukumiwa kwa ajira au mishahara ya wahitimu bila kuzingatia walipoanzia kinaweza kuona faida kuwapokea walio na nafasi nzuri na kuwaepuka wengine. Kwa chuo kilichoanzishwa ili kumpokea kila mtu, hiyo ni kuacha kazi yake. Kuweka maswali ya usuli katika hojaji ni njia mojawapo ya kuzuia hukumu ya namna hiyo.

## Afrika ya Mashariki

Chuo cha jamii cha Marekani hakipaswi kuchanganywa na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Tanzania, ingawa vinafanana katika kupokea watu wazima na vijana walioachwa nje ya mfumo wa kawaida. Vyuo hivyo vilianzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, kwa kufuata mfano wa shule za wananchi za nchi za Skandinavia, na vipo zaidi ya 50. Katika elimu ya ufundi stadi, VETA imewahi kufuatilia wahitimu wake kwa tafiti za namna hiyo.

Hojaji iliyotungwa Marekani haiwezi kutumika katika mazingira haya bila kubadilishwa. Seremala anayefanya kazi katika kibanda chake, au fundi cherehani anayeshonea nyumbani, akiulizwa kama "ameajiriwa" atajibu hapana, na atahesabiwa hana kazi. Kwa hiyo swali hutakiwa kutenganisha ajira, kujiajiri, vibarua na kazi za familia, na kuuliza kipato kwa msimu badala ya mshahara wa mwezi.

## Tazama pia

* Chuo cha jamii
* Elimu ya watu wazima
* Hojaji
* Takwimu
* VETA